Sentimita Kumi za Kifungo

Mwaka ule shangazi yangu alipotimiza miaka sitini, mtangazaji mmoja wa redio alikuja kubisha hodi nyumbani kwake. Alifunguliwa mlango na mama mfupi, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Akamtupia jicho mara moja, kisha akachungulia sebuleni kwa juu ya kichwa chake.

"Shikamoo mama. Namtafuta Kifungo. Yule mchezaji wa mpira wa kikapu."

"Marahaba. Ametoka kidogo," shangazi akajibu. "Ingia umsubiri."

Akamkalisha kwenye kochi, akamletea chai, akaketi mbele yake na shati alilokuwa akilitia kola mpya. Mtangazaji, kwa kutaka tu kuua muda, akaanza kumweleza Kifungo alikuwa nani. Kwamba alikuwa na urefu wa futi sita.

"Na inchi mbili," shangazi akaongeza, akikata uzi kwa meno.

Kwamba aliruka mpaka kiwiko kikagusa ile pete ya chuma.

"Kiwiko cha kushoto. Cha kulia alikuwa hakitumii, kilikuwa na baridi yabisi."

Mtangazaji akaandika. Saa nzima walikwenda hivyo, mmoja akitia chumvi na mwingine akinakili. Hatimaye akaingia Mwalimu, mume wa shangazi, akitokea dukani. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa sukari, akasikiliza kidogo, akasema: "Kijana, huyo unayemsubiri ndiye anayekumiminia chai."

Mimi nilikuwa jikoni, kitambaa cha sahani mdomoni ili nisicheke kwa sauti. Shangazi ni dada wa baba yangu, na nimelelewa naye tangu darasa la tano. Niliyoyaona kwa macho yangu ni machache, kwa sababu wakati wake wa kung'ara mimi nilikuwa sijazaliwa. Mengine nimeyapata kwake, kwa Mwalimu, na kwa rafiki yake Mnara. Watu hao watatu hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya juma, kwa hiyo jambo wanalolisimulia sawasawa wote watatu, mimi naliamini.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba cha kushonea cha hospitali kuu. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, cherehani sita za kukanyaga, meza ya kukatia, na rundo la mashuka lisilopungua hata ulishonee wiki nzima. Shuka lililolika katikati lilichanwa, pande zake za nje zikaunganishwa ziwe katikati, nalo likarudi wodini kuanza maisha upya. Lililokwisha kabisa likawa matambara. Matambara yalifungwa madonge na kutiwa kwenye kapu kubwa karibu na mlango, na agizo la msimamizi lilikuwa kwamba kila mtu ainuke, atembee, akatie donge lake kwa adabu.

Shangazi hakuinuka. Alirusha akiwa amekaa, kwa mikono miwili, kutoka chini kati ya magoti, kama mtu anayemwaga beseni la maji ya kufulia. Donge lilipita juu ya vichwa vya wenzake wanne na kutua kapuni bila kugusa ukingo. Msimamizi alisikia vicheko tu. Akigeuka, anamkuta binti ameinamia cherehani kama aliye kwenye sala.

Hospitali ilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, wote wauguzi, na katika ligi ya maofisi ilishika mkia bila mpinzani. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, walikuwa wacheze na Posta kwenye uwanja wa saruji nyuma ya jengo la kufulia. Mchezaji wao wa tano akakwama wodini, kwa sababu mapacha wa mtu walichagua saa hiyo hiyo kuzaliwa. Kocha alikuwa daktari wa meno, bwana mpole mwenye vidole virefu. Aliingia chumba cha kushonea akihema.

"Naomba mtu mmoja mwenye miguu miwili. Asimame tu uwanjani, tusije tukanyang'anywa mchezo."

Mafundi wote watano wakamnyooshea shangazi kidole. Hawakufanya hivyo kwa wema. Yeye ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote, na walitaka kitu cha kuchekea.

"Haitauma," daktari akamwambia. Ndivyo alivyowaambia wagonjwa wake wote, na hajatokea mmoja aliyewahi kurudi kumshukuru kwa ukweli huo.

Shangazi akaingia uwanjani na tepu yake ya kupimia shingoni. Mwamuzi, kijana mwalimu wa hesabu aliyevaa soksi zilizopigwa pasi, akasimamisha mchezo kabla haujaanza.

"Hiyo ya shingoni ni nini?"

"Mkufu."

"Vua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yake na mtu aliyekuja kumuoa.

Kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumkaba, mpira ulipompotea mtu ukamdundia yeye mikononi. Akautazama. Akatazama kikapu. Akachuchumaa kidogo, akaurusha kutoka kati ya magoti. Mpira ukapaa, ukakawia kule juu, ukapita katikati ya wavu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mara ya pili wakacheka kidogo. Mara ya nne hakucheka mtu. Hospitali ilifungwa kwa pointi ishirini kama kawaida, lakini jioni ile daktari wa meno alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa chumba cha kushonea kumuombea shangazi ruhusa ya mazoezi. Msimamizi aliitoa kabla daktari hajamaliza sentensi.

Ndani ya miaka miwili alikuwa amejifunza mengine yote. Aliudunda mpira chini mno, karibu na vifundo vya miguu, hata mchezaji mrefu akitaka kuufikia ilimbidi ajikunje mara mbili, na akija kuinuka, shangazi ameshapita zamani. Na mdomo wake haukupumzika. Alimuuliza mpinzani habari za nyumbani, alimsifia nywele, alimwonyesha kamba ya kiatu iliyofunguka. Kamba ilikuwa haijafunguka.

Sasa, katika ligi ile walikuwepo Magereza, mabingwa wa miaka mitano mfululizo. Nguzo yao alikuwa askari wa gereza la wanawake, mrefu kuliko waume wote wa mtaani kwao, naye aliitwa Mnara. Kocha wao alikuwa na sauti nzito ya kuamrisha gwaride, na alikuwa akiwapangia mchezo kwa namba. Akisema "Moja!" wanajaa kulia. Akisema "Tatu!" wote wanakimbilia kushoto.

Shangazi alikuwa na kipaji kimoja ambacho chumba cha kushonea kilikijua vizuri: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Siku walipokutana, katika robo ya mwisho, Hospitali ikiwa nyuma kwa pointi moja na mpira ukiwa mkononi mwake, aligeuza uso, akajaza kifua hewa, na sauti nzito ya gwaride ikanguruma uwanjani: "Tatu!"

Magereza wote wakahamia kushoto. Shangazi akapita kulia, peke yake, bila haraka, akaurusha mpira wake wa beseni.

Mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni. Alikunja uso, akafikiri, akahesabu kitu fulani kichwani. Hakupuliza. Karani wa masjala aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti alipagawa: "Jamani! Leo Magereza wenyewe wamepata kifungo!"

Na jina likamganda hapo hapo. Msimamizi wake alishikilia kwamba limetokana na vifungo vya mashati ya madaktari. Magereza hawakupenda kuulizwa.

Jumatatu asubuhi mwamuzi yule alikuja chumba cha kushonea na kitabu cha sheria za mchezo kwapani.

"Nimekisoma chote jana," akasema. "Ulichofanya hakijakatazwa popote. Lakini hakikupendeza."

"Naomba uniazime hicho kitabu," Kifungo akamwambia.

Alikirudisha baada ya wiki mbili, pembeni mwa kurasa ameandika kwa kalamu ya risasi: "hapa wamesahau," "hapa hawakusema mkono upi," "hapa pana mlango wazi." Mwalimu alikaa nacho siku tatu, akakileta tena akiwa amejibu kila mstari kwa wino mwekundu. Kitabu kilikwenda na kurudi miezi minane. Mahali fulani kwenye sura ya kuhesabu muda, swali la mwisho la Mwalimu halikuhusu mpira, na jibu la shangazi lilikuwa neno moja. Watu wakasema mjanja huyo, amejitafutia mwamuzi wa nyumbani. Hawakumjua Mwalimu. Tangu walipooana alimpigia filimbi mara mbili ya zamani, na ligi nzima ilikuwa na waamuzi watatu tu, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

Mnara naye alikuja chumba cha kushonea, siku chache baada ya mchezo ule wa "Tatu". Mafundi walipoona askari mwenye sare ameziba mlango wote, wawili walijificha nyuma ya pazia la kupimia.

"Ulinifunga mbele ya mama mkwe wangu," Mnara akasema.

"Alifurahi?"

Mnara akafikiri. "Alifurahi sana."

Wakaangaliana, wakaanza kucheka, na ikatokea kwamba Mnara alikuja na jambo jingine kabisa. Suruali za sare zilikuwa fupi, zilimfikia katikati ya miundi, na wafungwa walikuwa wakimcheka kisirisiri. Kifungo akaziongeza urefu, akazipiga pasi, akamkabidhi. Kazi safi. Ila mifuko yote minne alikuwa ameishona ikafungika. Mnara aligundua siku ya gwaride, mbele ya mkuu wa gereza, alipoagizwa atoe funguo.

Kisasi chake kilichukua muda, na alikilipa hadharani. Katika mchezo uliofuata wa Hospitali na Magereza, Kifungo alikuwa akidunda mpira pembeni mwa mstari, akimuuliza Mnara habari za suruali. Mnara akainama, akamshika kiunoni, akamnyanyua pamoja na mpira wake kama mtu anayehamisha chungu cha maua, akamweka chini taratibu nje ya uwanja. Akamfuta na vumbi begani.

Uwanja mzima ukamgeukia Mwalimu. Alipuliza filimbi, akainua mkono, akabaki hivyo. Alitafuta jina la kosa lile akalikosa. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona mwamuzi yule akicheka akiwa kazini, machozi yanamtoka, mkono bado uko juu. Kuanzia hapo Mnara na Kifungo wakawa chanda na pete.

Ndipo ikaja habari ya timu ya taifa. Kamati ya mchezo ilitangaza kwamba safari hii itapeleka wanawake kwenye mashindano ya nchi jirani, na mwenyekiti wake, bwana mwenye suti ya kijivu na viatu vya kung'aa, akaweka sharti la kwake mwenyewe: hakuna kuchaguliwa mtu aliye chini ya sentimita mia sitini na tano. Alisema hataki kupeleka watoto wa shule. Kifungo alikuwa na mia hamsini na saba, na hiyo ni akiwa amenyoosha shingo.

"Basi na mimi siendi," Mnara akasema. "Nani atanipa mpira?"

"Utakwenda, na mimi nitakwenda," Kifungo akamjibu. "Acha nishone kidogo."

Siku ya kupimwa, ukumbi wa kamati ulijaa wasichana. Ilitakiwa tepu, na tepu ya kamati haikuonekana. (Hapo masimulizi yanatofautiana. Mnara anasema ilikuwa chini yake, ameikalia.) Kifungo akajitokeza kwa unyenyekevu, akasema yeye ni mshonaji na tepu yake haimtoki. Mwenyekiti akafurahi, akamwambia awapime wenzake. Basi akawapima: anapiga goti, anakanyagisha mwanzo wa tepu chini ya kisigino cha mtu, mjumbe wa kamati anasoma juu.

Tepu hiyo, ile ndefu ya mita tatu ya kupimia mashuka na mapazia, aliikata sentimita kumi za mwanzo usiku wa kuamkia siku ile, akaurudishia ule ubati wa nchani, akaubana kwa koleo. Ilianzia kwenye kumi na moja. Kila aliyepimwa alirefuka kwa sentimita kumi kamili.

Ilipofika zamu yake, alimpa tepu daktari wa meno aliyekuwa amewasindikiza. Daktari akapima. Akasoma. Akamtazama binti aliyemjua kwa miaka mitano, ambaye kichwa chake kilimfikia yeye kwenye mfuko wa shati.

"Mia sitini na saba," daktari akasema, akakohoa sana.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kifungo hakulipigia hesabu, nalo lilikuwa Mnara. Mjumbe alipopanda juu ya kiti kusoma namba yake, macho yakamtoka pima. "Mia mbili na tatu!" Mwenyekiti nusura alie kwa furaha. Akaagiza waandishi wa magazeti waitwe. Akaona raha mpaka akavua koti, akataka na yeye apimwe. Maisha yake yote alijijua kuwa na mia sitini na nane, na sasa akaambiwa sabini na nane. Alisema siku zote alikuwa anahisi.

Gazeti la Jumapili likaandika habari ya mwanamke wa mita mbili na ushee. Mchana huo Mnara alikuja kula kwa rafiki yake. Mwalimu alikuwa mezani, gazeti limefunguliwa mbele yake.

"Mnara, tafadhali, rudi nje uingie tena."

Mnara akamtazama Kifungo. Kifungo akatazama dari. Mnara akatoka, akaingia tena.

"Gazeti linasema una mia mbili na tatu," Mwalimu akasema. "Mlango huu una mia mbili kamili, nilisimamia mwenyewe ulipowekwa. Umepita bila kuinama, na juu ya kichwa chako pamebaki upana wa kiganja."

"Labda nimepungua kwa njaa, shemeji."

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia mkewe, naye akamweleza yote, tangu mkasi hadi koleo. Mwalimu akalikunja gazeti vipande vidogo.

"Mimi si mjumbe wa kamati, na sitakusema," akamwambia. "Lakini utasema wewe, kwa mdomo wako."

"Nikirudi."

"Sawa. Ukirudi."

Kule kwenye mashindano, karatasi za timu ziligawiwa, na timu yetu kwenye karatasi ilikuwa ya majitu. Kocha mmoja wa wapinzani alikuwa ameshapanga wachezaji wake warefu na wazito wote. Timu zilipojipanga kwa wimbo wa taifa, alionekana akitazama karatasi, akimtazama Kifungo, akirudi kwenye karatasi, akiigeuza aone kama ameishika kichwa chini.

Hata hivyo, michezo minne yote Kifungo aliikalia benchi. Kocha wa taifa alimchukua kwa sababu jina lilikuwa kwenye orodha, si kwa sababu alimtaka. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kugombea nafasi ya tatu, dhidi ya wenyeji, ukumbi umefurika. Zikiwa zimebaki dakika sita, mgawaji mipira wetu akatolewa kwa makosa matano, aliyefuata akateguka kifundo, na kocha akageuka kwenye benchi akakuta macho mawili tu yanayomtazama.

Mnara anasema hajawahi kuona tena dakika kama zile sita. Yale mabinti marefu na mazito yalikuwa yakiinama, na kila yakiinama hakuna kitu. Mpira ulipita kati ya miguu, ulipita chini ya makwapa, ukamfikia Mnara mkononi mara tano, na mara tano Mnara akafunga. Zilipobaki sekunde nne, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Kifungo akasukumwa akaanguka. Akapewa mitupo miwili huru.

Alisogea kwenye mstari, akachuchumaa, akaushusha mpira kati ya magoti. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu walipiga miluzi, wengine wakajishika magoti wakimuiga. Akarusha, ukaingia. Kabla ya wa pili aliwageukia mashabiki, akaweka kiganja sikioni, kama mtu anayesema sijasikia vizuri, rudieni. Wakarudia. Akarusha.

Ananiambia kwamba mkono ule wa sikioni aliuweka kwa sababu hakujua pengine pa kuuweka.

Ilikuwa medali ya kwanza ya wanawake wetu. Hotelini, wakiwa wanafunga mizigo, Mnara alimwambia: "Ukinyamaza, hakuna atakayejua."

"Mwalimu anajua."

"Mwalimu hatasema neno."

"Hilo ndilo linalonisumbua," Kifungo akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Mwenyekiti aliwaandalia mapokezi ofisini kwake, maua mezani na picha ukutani. Hotuba zilipokwisha, Kifungo akasimama, akatoa tepu mfukoni, akainyoosha juu ya meza ili wote waone inapoanzia. Akaeleza bila kumtaja Mnara wala daktari wa meno.

"Kwa hiyo wewe una..." mwenyekiti akaanza.

"Mia hamsini na saba."

"Na Mnara?"

"Tisini na tatu."

Mwenyekiti akaitazama tepu muda mrefu. Sauti yake ikashuka. "Na mimi?"

"Pole sana, mzee."

Alikuwa ameshamtangazia mkewe. Alikuwa ameshaujaza urefu ule kwenye fomu ya pasipoti, na pasipoti ilikuwa imeshatoka. Mwalimu aliniambia kwamba kamati ilitaka kumpa Kifungo onyo tu, na kwamba ni zile sentimita kumi za mwenyekiti zilizofanya adhabu iwe miaka mitatu nje ya timu ya taifa. Medali haikuguswa, maana sharti la urefu halikuwa la mashindano, lilikuwa la mwenyekiti tu.

Mji mzima ulicheka mwezi mmoja. Akina mama walimfuata chumba cha kushonea na watoto wao wasiokua, wakiomba wapimiwe. Lakini usidhani ilikuwa mchezo tu kwake. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na nne, na alijua hesabu zake. Alirudi kwenye mashuka na kwenye ligi ya maofisi, akaipa Hospitali ubingwa mara mbili, akipigiwa filimbi na mumewe kila Jumamosi. Adhabu ilipobakiza miezi miwili, katika mchezo usio na maana yoyote na watu wa Umeme, saruji ikiwa na unyevu wa mvua, goti lake la kushoto lilikwenda upande mmoja na yeye upande mwingine. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alisimamisha mchezo, akapiga magoti, na daktari wa meno akaja mbio. Daktari hakuweza kusema haitauma. Hapo ndipo Kifungo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, akiwa amemshika Mnara kidole gumba, maana Mnara alikuwa ameruka uzio wa watazamaji.

Hakurudi tena kucheza. Alicheza kwa ukamilifu miaka saba tu, na kwa taifa dakika sita. Wanaomwita gwiji wakiambiwa hivyo huwa wanadhani umekosea namba.

Lakini sharti la urefu lilikufa mwaka uliofuata. Mwenyekiti mwenyewe alisimama kwenye mkutano akasema kwamba binadamu asipimwe kama kitambaa, akaketi haraka. Kikosi kilichoondoka baada ya hapo kilikuwa na wasichana wawili chini ya mia sitini, na wote wawili walikuwa wamefundishwa kwenye uwanja wa shule ya Mwalimu, alasiri, na mwanamke anayechechemea. Aliwafundisha kudunda chini, kurusha kutoka magotini, na kusoma kitabu cha sheria mpaka kichakae. Mimi pia nilifundishwa. Sikuwa na kipaji hata cha dawa, na aliniambia hivyo wiki ya kwanza, akanipa kazi ya kuandika pointi, ambayo naifanya mpaka leo.

Sasa ana miaka sabini na mmoja. Mnara ni mjane, amehamia nyumba ya pili kutoka kwao, na asubuhi wanagombana kupitia uzio. Mwezi uliopita niliwapeleka wote watatu kutazama fainali ya wanawake. Tulikaa safu ya mbele. Katika robo ya tatu mwamuzi, binti mdogo mwenye sura kavu, alitoa mpira kwa upande ambao shangazi hakuukubali. Shangazi akapanda juu ya benchi. Akamsomea kifungu cha sheria, namba na aya. Mwamuzi akamwomba akae. Shangazi akamsomea aya inayofuata, kwa sauti ya mwamuzi mwenyewe, akiiga mpaka ule mkwaruzo wa koo.

Alitolewa ukumbini. Mabaunsa wawili walimsindikiza, mmoja kila upande, wakimwita bibi na kumwomba radhi, naye anawapungia watu mkono kama bwana harusi. Mnara akabeba mkoba wake, akamfuata akijifanya amekasirika.

Nikamgeukia Mwalimu, ambaye hakuwa ameinuka.

"Mwamuzi alikosea?" nikamuuliza.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

"Alikuwa sahihi kabisa," akasema. "Ila usimwambie shangazi yako. Mchezo una robo moja zaidi, na mimi nataka kuumaliza kwa amani."